Mmea haufi kwa kuoza jani

Wahenga walinena kwamba mvumilivu hula mbivu. Methali hii nimeifunza kwa miaka mingi. Nimewachambulia wanafunzi wangu muundo wake, vina vyake na maana yake. Waama, aliyenifunza kuitii si mhenga wala kitabu, bali ni mmea mdogo uliomo katika hodhi la kioo la lita 40 ofisini mwangu.

Neno "hodhi" nalitumia makusudi. Wako wasemao "tangi la samaki", na wengine "akwaria". Hili la mwisho asili yake ni Kilatini, ambako lilimaanisha mahali pa kunyweshea ng'ombe, kabla ya Mwingereza Philip Henry Gosse kulieneza mnamo 1854 kwa maana ya chombo cha kufugia viumbe wa majini. Nalo "hodhi" tulilipata kwa Waarabu, ambao nao walilitumia kwa birika la kunyweshea wanyama. Kumbe maneno yote mawili yalianzia pale mifugo inapokata kiu! Sioni basi haja ya kukopa tena ilhali deni la kwanza tumekwisha kulilipa kwa matumizi ya karne nyingi.

Turejee kwenye mmea. Ofisi yangu iko ghorofa ya chini, na dirisha lake linatazamana na ukuta wa jengo jingine, hivi kwamba jua haliingii. Mwanafunzi mmoja alipohitimu aliniachia hodhi hilo pamoja na samaki wadogo sita. Nikaenda kwa mzee mmoja auzaye samaki wa mapambo, nikanunua mimea inayostahimili mwanga hafifu: Cryptocoryne, ambayo kwao ni Sri Lanka na sehemu nyingine za Asia ya kitropiki, na Anubias, ambayo huota vivulini kando ya vijito vya Afrika ya Magharibi na ya Kati. Anubias ilipewa jina hilo mnamo 1857 na Heinrich Wilhelm Schott, kwa kumrejelea Anubis, mungu wa wafu wa Misri ya kale.

Hazikupita siku kumi kabla ya majani ya Cryptocoryne kulegea, yakawa kama mlenda, kisha yakaoza. Nilishikwa na fadhaa. Nilinunua taa kali zaidi, nikamimina mbolea, na hatimaye nikaing'oa mimea na kuitupa. Wiki ya tatu maji yaligeuka kijani, vioo vikafunikwa na mwani, na samaki wawili wakafa. Nilipomwendea yule mzee kununua mimea mingine, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, yaliyokufa ni majani tu. Mmea wenyewe umeutupa ukiwa hai."

Maneno hayo yalinifanya nitafute maelezo. Mimea mingi ya aina hii hukuzwa kwanza mizizi ikiwa majini na majani yakiwa hewani. Jani lililochipuka hewani lina ngozi yenye nta inayozuia maji yasipotee, na likizamishwa haliwezi kuvuta vyema hewa iliyoyeyuka majini. Kwa hiyo mmea huliacha life, ukaumba jani jingine, jembamba, linalofaa maisha mapya. Cryptocoryne ina wepesi zaidi wa kufanya hivyo. Hata kubadilishiwa maji au mwanga kwaweza kuifanya ipoteze majani yote kwa muda mfupi. Mizizi yake ikiachwa ilipo, baada ya wiki kadhaa machipukizi hutokeza. Aing'oaye na kuipanda upya huianzishia safari ile ile.

Ama kuhusu taa, kosa langu lilikuwa la kudhani kwamba penye upungufu dawa ni wingi. Mjerumani Justus von Liebig alieneza katika karne ya 19 kanuni kwamba ukuaji wa mmea hupimwa kwa kirutubishi kilichopungua kuliko vyote, wala si kwa kile kilichojaa. Usanisinuru huhitaji mwanga, kabonidayoksaidi na virutubishi kwa uwiano. Ukizidisha mwanga pekee, mmea wa kivulini hauwezi kuutumia, nao mwani ndio unaofaidi.

Siku hizi taa yangu ndogo huwaka saa saba kwa siku, basi. Kila wiki nabadilisha robo ya maji, na maji ya mfereji nayaacha ndooni siku nzima ili klorini ipungue. Anubias nimeifunga kwa uzi juu ya jiwe, kwa kuwa tunguu lake, linalotambaa kama la tangawizi, huoza likifukiwa. Samaki nawapa chakula kidogo. Jani lililooza nalikata kwa mkasi na kuliondoa, maana likibaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Lakini mizizi siigusi. Mabaki hayo huyaanika yakauke kabisa. Simwagi kitu mtoni, kwani Ziwa Viktoria limetufunza vya kutosha, kupitia gugumaji, madhara ya mmea mgeni usiokuwa na wa kuudhibiti.

Nimetambua pia kwamba sikuwa wa kwanza kutatizwa na jani bovu. Mwanakemia Robert Warington wa London, katika taarifa yake ya 1850, alieleza jinsi alivyoweka samaki wawili na mmea wa Vallisneria katika chombo kimoja. Majani makuukuu yalipooza na kuyachafua maji, hakuung'oa mmea. Aliongeza konokono wa kuyala yale yaliyooza, na chombo kikatengemaa.

Mwaka ule ule nilipoitupa mimea yangu, palikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyetoka kaunti ya mbali. Alikuja na alama nzuri za shule, lakini katika muhula wa kwanza insha zake zilisambaratika, na darasani akawa bubu. Nilimwita, nikamshauri kwa upole ahamie kozi nyingine. "Sawa, Mwalimu," alinijibu, akahama. Upole ule ndio unaonikera hadi leo, kwani laiti ningemkaripia, huenda angebisha. Majani aliyokuja nayo yalikuwa yameota katika hewa nyingine. Iwapo mizizi yake ilikuwa hai sijui, kwa sababu sikungoja nione.

Walimu wenzangu, sisemi kwamba kila anayenyauka atachipuka. Iko mimea ifayo kabisa, na jani lililooza lazima likatwe, kama vile insha mbovu lazima isahihishwe kwa kalamu nyekundu. Nisemalo ni kwamba muhula mmoja ni muda mfupi mno wa kumhukumu mtu aliyebadilishiwa maji. Nanyi wanafunzi mliohamishwa karibuni kutoka hewa mliyoizoea, msiyahesabu majani yanayowapukutika na kudhani kwamba hesabu imekwisha.

Cryptocoryne niliyoinunua mara ya pili nayo iliyapoteza majani yake yote. Mara hii niliketi nikangoja. Leo ina majani kumi na manne, na ofisi yangu ingali haina jua.