Rhobi Samwelly na simu za Desemba

Kijana wa Kerende, wilayani Tarime mkoani Mara, akiulizwa maisha yake yanaelekea wapi, macho huenda kwanza mgodini. Si ajabu. Mgodi wa North Mara ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2002, na tangu hapo vijiji vya Nyamongo vinauzunguka: wapo walioajiriwa, wapo wanaowauzia chakula walioajiriwa, wapo wanaohatarisha maisha yao kwa kuokota mawe ya mabaki. Kwenye makongamano ya mijini, vijana huambiwa wachimbe ndani ya nafsi zao mpaka wapate kusudi, kana kwamba nalo ni dhahabu.

Rhobi Samwelly, Mkuria wa mkoa huohuo wa Mara, hakuchimba popote. Alikuwa na miaka 13 alipokeketwa. Alijua anachokiogopa, maana rafiki yake alikuwa ameshafariki kwa kukeketwa. Alikataa, akalazimishwa, akavuja damu hadi akazimia, nusura afe. Alipopona alijiapiza kuwapigania wasichana wengine.

Simulizi nyingi za namna hii zingeishia hapo, kwenye kiapo. Lakini wanawake wengi wa Mara wamepitia kisu hichohicho, wakarudi kulea watoto na kulima. Uchungu haumpi mtu kazi. Kiapo cha Rhobi kilipata paa mwaka 2014, ilipofunguliwa nyumba salama mjini Mugumu, wilayani Serengeti, chini ya Kanisa Anglikana Dayosisi ya Mara, naye akiwa msimamizi. Mwaka 2017 alianzisha shirika lake, Hope for Girls and Women in Tanzania, ambalo lina nyumba nyingine wilayani Butiama.

Kazi yenyewe haina mng'ao wa kongamano. Kwa Wakuria, msimu wa ukeketaji kwa kawaida huangukia Desemba, shule zikiwa zimefungwa, katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na wazee wa mila, inchama, ndio wanaoufungua. Msichana anayekataa huitwa msagane, tusi analotembea nalo kila aendako. Nyumbani, baba anahesabu ng'ombe wa mahari. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inampa kifungo cha miaka 5 hadi 15 anayemkeketa binti wa chini ya miaka 18, lakini lazima mtu afike kijijini kabla ya ngariba.

Kwa hiyo simu ya nyumba salama inalia usiku, gari linawashwa, polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto wanapandishwa. Halafu? Vijiji vingi havikuwemo kwenye ramani yoyote. Mradi wa Crowd2Map, ulioanza mwaka 2015, umewakusanya watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi, wanaochora njia na nyumba za Tanzania kwa kutazama picha za setilaiti. Mtu aliye Ulaya, asiyewahi kukanyaga Serengeti, anamwonyesha dereva wa Mugumu pa kukata kona.

Msimu ukiisha, wazazi huitwa. Wanaokubali kumpokea binti bila kumkeketa hutia saini. Wakikataa, binti hubaki nyumba salama, akisoma au akijifunza kushona. Kwa msichana wa Kerende, kimbilio la karibu ni kituo cha Masanga, hukohuko Tarime.

Takwimu zinasogea polepole. Katika utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16, asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 28. Anayedhani kusudi la maisha huleta utulivu azitazame tarakimu hizo mara mbili. Na upande wa pili nao haulali: baadhi ya familia hukeketa watoto wadogo zaidi, kimyakimya bila ngoma, na wasichana huvushwa mpaka kati ya Tarime na Kenya, ingawa Kenya nayo ilipitisha sheria ya kukataza ukeketaji mwaka 2011.