Maili za Kazi kwa Motokaa Yako

Miongoni mwa jamaa zetu wakaao Uingereza wamo wanaofanya kazi ya kuwatunza wazee na wagonjwa majumbani. Kazi hiyo haitimii kwa miguu: asubuhi nyumba hii, adhuhuri ile, magharibi nyingine. Na mara nyingi motokaa si ya tajiri, ni ya mtumishi mwenyewe. Petroli hununua yeye, bima hulipa yeye, na mipira yalika kwa shughuli isiyo yake.

Sheria ya kodi ya nchi ile imelitazama jambo hili. Kuanzia tarehe 6 Aprili 2011 iliwekwa kuwa tajiri aweza kumlipa mtumishi peni 45 kwa kila maili ya safari za kazi, hata zitimie maili 10,000 kwa mwaka, na peni 25 kwa kila maili iliyozidi hapo, wala fedha hizo zisikatwe kodi. Mwenye pikipiki alihesabiwa peni 24. Hata mwenye baiskeli hakusahauliwa, akapewa 20. Ndani ya kiasi cha motokaa mna petroli, bima, matengenezo na uchakavu wake, basi asije mtu akadai bei ya petroli mbali.

Lakini kiasi hicho ni ruhusa, si amri. Wako matajiri walipao pungufu, na wako wasiolipa hata peni moja. Hapa ndipo wengi wanapopotewa na haki yao, kwani hawajui kuwa upungufu ule wasamehewa kodi.

Natutazame hesabu. Mtumishi amekwenda maili 8,000 kwa mwaka, na tajiri humpa peni 25 kwa maili. Amepokea pauni 2,000. Kwa peni 45 ingekuwa pauni 3,600. Upungufu ni pauni 1,600. Asidhani kwamba serikali itamkabidhi hizo 1,600. Atakachopata ni kodi iliyokatwa juu yake. Akiwa hulipa asilimia 20, ni pauni 320. Si haba kwa mwenye kulea watoto, na wala haiji kwa wenyewe: asiyeomba hapewi.

Safari ya kila siku ya kutoka nyumbani kwako hadi mahali pako pa kazi pa kudumu haihesabiwi, ingawa ni ndefu namna gani. Yahesabiwa ile ya kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi kwa mwingine. Kwa hiyo daftari ndilo shahidi: tarehe, ulikoanzia, ulikoishia, sababu ya safari, na maili zake. Liandikwe siku ile ile, kwani kukisia mwishoni mwa mwaka ni kujitafutia maswali.

Mwaka wa kodi huanza tarehe 6 Aprili na kwisha tarehe 5 Aprili ya mwaka ufuatao, na kila mwaka hutazamwa kwa kiwango chake. Maombi hupokewa mpaka miaka 4 baada ya mwaka huo kwisha. Aliyekuwa hajui bado aweza kuyafungua madaftari yake ya nyuma.