Krotoni: Bidhaa isiyooza ikingoja mnunuzi

ANAYESHUKA basi Old Town, Lilongwe, kutafuta mzigo wa kurudi nao Mbeya au Dar es Salaam, hupita soko la Lizulu akiulizia maharage, karanga na mitumba. Miche ya maua haiulizii. Ni bidhaa isiyo na haraka, na pengine hiyo ndiyo sifa yake kubwa kibiashara.

Krotoni ni kichaka kinachopendwa kwa majani yake: ya njano, mekundu, ya rangi ya machungwa, mara nyingine rangi zote katika jani moja. Asili yake ni Indonesia, Malaysia na visiwa vya Pasifiki. Si ule mti mrefu wa krotoni wanaoujua Wakenya. Ikishashika mizizi huvumilia jua na ukame.

Sifa hiyo ina uzito zaidi Dzaleka, wilaya ya Dowa, takriban kilomita 45 kutoka Lilongwe. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, kwa ajili ya watu 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini. Aliyefunga duka mjini akabaki na wateja wanaomfuata Dzaleka anajua kuwa nyanya isiyouzwa leo ni hasara kesho. Krotoni isiyouzwa leo inaendelea kukua, na mche mkubwa huuzwa kwa bei kubwa.

Mtaji wake ni tawi. Hukatwa ncha ya tawi lililoanza kukomaa, urefu wa sentimita 15 hivi, chini kidogo ya kifundo. Majani ya chini huondolewa, utomvu huachwa ukauke, kisha tawi huchomekwa kwenye kiriba chenye mchanga na udongo mwepesi na kuwekwa kivulini. Chupa ya plastiki iliyokatwa kitako huifunika ili unyevu usipotee. Kipindi cha joto, kuanzia Oktoba, mizizi hutoka ndani ya wiki nne hadi sita. Utomvu huo huwasha ngozi, na majani ni sumu yakiliwa, kwa hiyo watoto na mbuzi wakae mbali. Mche ukishika hutolewa juani polepole, kwani kivulini majani hubaki ya kijani na mteja hulipia rangi.

Adui mkubwa Lilongwe ni baridi. Mji uko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai krotoni hupukutisha majani. Mwenye bustani asiye na subira huing'oa akidhani imekufa. Akwaruze gome kwa ukucha kwanza: pakiwa kijani, mmea u hai, apunguze maji na kungoja joto.

Mpakani ndipo wengi hupoteza fedha. Miche yenye udongo ndani ya basi la kwenda Songwe inaweza kubeba minyoo fundo, na mkaguzi ana haki ya kuizuia. Kibali cha kuingiza mimea hutafutwa kwanza katika nchi mzigo unakokwenda, kwa Tanzania kupitia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), kwa Kenya kupitia KEPHIS, kwa kuwa ndicho kinachotaja masharti. Baada yake ndipo wakaguzi wa Malawi hukagua miche na kutoa cheti cha usafi wa mimea. Waliokumbwa na marufuku ya Aprili 2025, Tanzania ilipozuia kwa siku chache mazao ya kilimo kutoka Malawi, hawahitaji kukumbushwa kuulizia hali ya mpaka kabla ya kulipia mzigo.

Kwa gharama hizo, miche hamsini haina maana. Miwili au mitatu yenye rangi adimu, ikiwa na karatasi zake, inatosha kuwa mama wa kitalu nyumbani. Matawi ya kuuza yatakatwa hukohuko.