Harusi wakati wa Krismasi: Furaha ya nani, deni la nani?

Majuzi binti wa kaka yangu mkubwa, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alinijia nyumbani na kalenda mkononi. Alikuwa ameizungushia wino mwekundu Jumamosi ya kwanza baada ya Krismasi. "Baba mdogo," akaniambia, "siku hiyo watu wote watakuwa nyumbani. Nakuomba uwe mwenyekiti wa kamati ya harusi." Nilimwomba siku tatu za kufikiri. Huenda alidhani ninaringa. Kumbe swali lake lilikuwa limegusa kidonda ambacho nimekificha kwa miaka mingi.

Kabla sijakifunua kidonda hicho, haki yanidai nikiri kwamba binti huyu ana hoja. Kwa familia nyingi humu nchini, Desemba ndio mwezi wa pekee ambapo ukoo mzima hukutana. Aliye bandarini Mombasa, aliye kiwandani Nairobi na aliye dukani Nakuru, wote hurejea kwa wazee. Shule zimefungwa, hivyo watoto wapo wa kuimba na kuteka maji. Anayefunga ndoa wakati huo huwaepushia jamaa zake safari ya pili. Isitoshe, kuna nyanya na babu ambao huenda wasiione Desemba nyingine. Nani atamlaumu bibi harusi anayetaka kubarikiwa nao?

Basi tatizo liko wapi? Wapo wanaodai kuwa liko katika dini. Ni kweli kwamba Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki, mnamo 1563, ulikataza shangwe za harusi kuanzia Majilio hadi sikukuu ya Epifania, na kwamba sheria ya kanisa ya 1917 ilikifupisha kipindi hicho kiishie siku ya Krismasi. Hata hivyo, sheria ya kanisa hilo inayotumika sasa, iliyotolewa 1983, haina katazo la aina hiyo. Atakaye kuoa baada ya Krismasi, kwa hivyo, hana haja ya kujificha nyuma ya padri wala kumwogopa.

Kwa maoni yangu, tatizo liko mfukoni, na aghalabu si mfukoni mwa maarusi wenyewe. Hebu tuzingatie jinsi mwezi huo ulivyo. Wafanyakazi wengi hulipwa mshahara wa Desemba kabla ya sikukuu, kisha hungoja zaidi ya mwezi mmoja kuuona mwingine. Nauli ya basi kutoka Nairobi kwenda Kakamega au Busia hupanda wiki hiyo kana kwamba barabara imerefuka. Bei ya kuku na mbuzi nayo hupanda. Punde si punde Januari hubisha hodi na karo, sare, vitabu na sanduku la mwanafunzi wa bweni. Si ajabu basi kwamba vijana wameupachika mwezi huo jina la "Njaanuari". Katikati ya mkondo huo ndipo kadi ya mchango wa harusi huletwa mlangoni, tena na shangazi mwenyewe. Kutoa ni kuumia. Kukataa ni kuonekana huna utu.

Sasa nifunue kidonda changu. Mimi nilifunga ndoa Jumamosi, tarehe 28 Desemba 1996. Ilikuwa harusi ya kusifiwa. Magari matano yaliazimwa, nao wageni walikula hadi usiku. Marehemu baba alikuwa na fahali mmoja aliyekuwa akimnenepesha kwa ajili ya karo ya mdogo wangu, ambaye mwaka huo alikuwa amefanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Kamati ilipogundua kuwa nyama haitatosha, macho yote yaligeukia zizini. Baba hakusema neno. Nami, niliyekuwa mwalimu na niliyejua fika yule fahali ni wa nini, nilinyamaza pia. Niliogopa kuaibika mbele ya wakwe.

Mwanzoni mwa 1997, wenzake walipokwenda kidato cha kwanza, ndugu yangu alibaki nyumbani akichunga ng'ombe waliosalia. Nafasi aliyokuwa amepata katika shule ya bweni ilichukuliwa na mtoto mwingine. Aliingia shule ya kutwa ya jirani mwaka uliofuata. Leo ni fundi anayeheshimika, na hajawahi kunitolea neno la lawama. Lakini kila picha za harusi yangu zinapotolewa, yeye huinuka polepole akasema anakwenda kutazama ng'ombe.

Nimefundisha kwa miaka mingi tofauti baina ya maneno "ndoa" na "harusi", ila siku ile sikuikumbuka. Ndoa ni mapatano ya mume na mke. Harusi ni sherehe ya kuyatangaza mapatano hayo. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano humu nchini: za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Kwa anayefunga ndoa ya kiserikali, sheria inadai ilani ya siku zisizopungua 21, na mashahidi wawili. Haitaji hema, wala keki, wala msururu wa magari. Maana yake ni kwamba ndoa haihitaji Krismasi. Kinachoihitaji ni harusi, na harusi ni yetu. Tunaweza kuipunguza, kuisogeza au kuigawa.

Kuna watakaouliza: kama si Desemba, ni lini? Novemba walimu wengi wamo katika kazi ya kusimamia na kusahihisha mitihani ya taifa. Lakini Agosti shule hufungwa, na huku kwetu magharibi mahindi ya mvua za masika huwa yamekomaa au yamekwisha kuvunwa. Chakula cha wageni kinatoka shambani badala ya dukani. Ni kweli kwamba baadhi ya jamaa walio mbali hawatapata ruhusa kazini. Hao waje Desemba, tuwape chai, tuwaonyeshe bibi harusi, nao wambariki bila kutozwa chochote.

Siku ya tatu nilimwita mwanangu huyo nikamsimulia habari ya fahali. Hakuwahi kuisikia. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza, "Baba mdogo, kwa hivyo unanikataza?" Nikamjibu kwamba sikatazi. Harusi ni yake, na nyanya yake ni mzee. Nilimwambia kwamba Agosti ingenifurahisha zaidi, ila akishikilia Desemba nitaukubali uenyekiti kwa sharti moja: daftari la michango lisiandikwe jina la mzazi yeyote ambaye Januari ana mtoto wa kupeleka shuleni. Mzazi huyo aje na mikono mitupu, ale, acheze, arudi kwake. Ikiwa pesa zitakazobaki zitatosha wali na maharagwe tu, basi tutakula wali na maharagwe.

Alikwenda zake bila kunipa jibu, ameikunja kalenda. Nawaachia walimu wenzangu na wanafunzi wao swali hilohilo, kwa maana ninyi ndio mnaohesabu madawati matupu shule zinapofunguliwa. Wahenga walisema, mchezea zuri, baya humfika. Ubaya wa harusi yangu ni kwamba zuri nililichezea mimi, na baya likamfika ndugu yangu.