Vitabu Vitatu Vilivyofika Bariadi

Ndugu msomaji, wewe ambaye kwenda duka la vitabu kwako ni safari ya basi moja, huenda ukastaajabu nikikuarifu kwamba vitabu nitakavyovizungumzia leo vilifika Bariadi kimoja kimoja, ndani ya mikoba ya wasafiri. Maduka ya huku kwetu huuza zaidi madaftari na vitabu vya shule. Riwaya huagizwa Mwanza au Dar es Salaam, na aipataye huisoma upesi kwa kuwa wenzake wanaingoja. Basi kitabu kikishafika, sisi watu wa Simiyu hukitaka kwanza kitujibu swali moja: je, watujua?

Cha kwanza ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994. Tafsiri ya Kiswahili, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz ambaye alimdhania kuwa ni ndugu wa ukoo, kumbe baba yake amemweka rehani kwa ajili ya deni. Mwenye watoto hawezi kuisoma sehemu hiyo bila kuchomwa moyo. Lakini msafara wa tajiri uingiapo bara, sisi wa bara twajikuta tukitazamwa na wageni wanaotuogopa na kutuona washenzi. Sisemi kwamba mwandishi ametudharau, la hasha! Ameonyesha jinsi wafanyabiashara wale walivyotuona, na Sultani Chatu anapowanyang'anya mali yao ndipo wanapofahamu kuwa nao wanaweza kudhalilishwa. Hata hivyo, Wasukuma na Wanyamwezi ndio waliobeba mizigo ya misafara kwa miaka mingi. Nilitamani japo mpagazi mmoja ashushe mzigo wake, akae kitako, naye asimulie.

Cha pili si kipya, bali kwangu ni kipya. Ni hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kazi ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ng'ambo ya Ghuba ya Speke ambayo maji yake yanafika hadi Busega, wilaya yetu. Kitereza aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapaji, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Miaka 35, ndugu msomaji! Kitabu ni kirefu, na zipo kurasa ambazo maelezo ya salamu, dawa na upikaji wa pombe yalinichosha. Lakini habari ya mume anayemfuata mkewe ukweni, ilhali ndugu zake wamemtukana mama huyo kwa kukosa mtoto, yafaa isomwe na kila nyumba ya leo.

Kilichonikesha ni cha tatu, Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, kitabu cha Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi kilichozinduliwa tarehe 8 Mei, 2021, alipotimiza miaka 96. Mzee huyo alituacha Februari 2024. Wengi hukisoma kwa ajili ya habari za ruhusa za biashara miaka ya themanini. Mimi nilitafuta mwaka 1976. Wakati huo Bariadi na Maswa zilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, maana Simiyu ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Vyombo vya dola viliwakamata watu wengi wa Mwanza na Shinyanga kwa tuhuma za mauaji yaliyohusishwa na uchawi; waliokamatwa wakateswa, baadhi yao wakapoteza maisha. Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, hakuwatesa yeye, lakini Januari 1977 alijiuzulu kwa kuwa yalitendeka chini ya wizara yake.

Kujiuzulu huko kumesifiwa sana, na ni haki kusifiwe. Lakini kitabu ni cha waziri, si cha waliofungwa kamba. Wala si cha bibi zetu, ambao macho yao mekundu kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe yaliwafanya waitwe wachawi na kukatwa mapanga, kabla ya mwaka ule na kwa miaka mingi baada yake. Serikali ilipotaka kuyakomesha mauaji ilizalisha mengine, na vikongwe wakaendelea kulala kwa hofu. Jambo hili bado linamngoja mwandishi.

Nilimsomea sehemu hiyo mzee jirani yangu, ambaye macho yake hayamwezeshi tena kusoma. Aliniomba niirudie. Kisha akauliza kama yuko mtu wa huku aliyeandika yale aliyoyaona yeye. Nikajibu kwamba mimi sijakutana na kitabu hicho. Alinyamaza kitambo, akaanza kuyataja majina ya watu na ya vijiji, taratibu, mjukuu wake akimsikiliza. Nilimwambia mtoto akalete daftari.