Kindege Kilichopumua Kama Kinanda

Mlangoni mwa baadhi ya supamaketi huwa kuna kindege cha plastiki. Mtoto anapandishwa, mzazi anatumbukiza sarafu, kindege kinaanza kutikisika mbele nyuma, mbele nyuma, huku kikiimba wimbo mmoja usiokwisha. Usukani upo, lakini uuzungushe usiuzungushe, kindege hakina habari na wewe. Mimi nilipokuwa mdogo jambo hilo liliniudhi sana. Basi leo nawasimulia habari za kindege kingine, babu wa hicho, kilichomsikiliza aliyekaa ndani yake.

Aliyekitengeneza aliitwa Edwin Link. Alizaliwa mwaka 1904 katika jimbo la Indiana, Marekani, na akakulia Binghamton, mji wa jimbo la New York, ambako baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda. Vinanda vya makanisani mnavijua, ingawa siku hizi vingi ni vya umeme. Kile cha zamani hakilii mpaka kipewe pumzi: kuna mivukuto, ndugu wa ile ya mhunzi anayechochea moto, inayosukuma hewa kwenye mabomba, na bomba likipata hewa linalia. Kiwandani kwa akina Link walitengeneza pia vinanda vinavyojipiga vyenyewe. Karatasi ndefu yenye matundu inajiviringisha ndani yake, na kila tundu likipita, hewa kidogo inafyonzwa, kimvukuto kidogo kinanywea na kuvuta noti yake. Mpigaji hayupo. Ukiamka usiku ukakisikia kinapiga peke yake sebuleni, nadhani hutauliza kwanza kinafanyaje kazi.

Edwin alijua kuitengeneza mivukuto hiyo kama ninyi mnavyojua njia ya kwenda shule. Ila moyo wake ulikuwa angani. Mwaka 1920, akiwa na miaka 16, alikwenda California kwa kampuni ya ndege ya Sydney Chaplin, ambaye ni kaka wa yule mchekeshaji Charlie Chaplin mliyemwona na kofia yake na bakora. Akalipa dola 50 kwa somo moja la kurusha ndege, na wakati ule dola 50 zilikuwa pesa nyingi mno. Mwalimu akampandisha, akapindua ndege juu chini, akaizungusha, akapita karibu kabisa na mapaa ya nyumba. Kisha wakatua. Edwin hakuwa ameruhusiwa kugusa usukani hata mara moja!

Hapo ndipo swali lilipomwingia: kwa nini kujifunza urubani kuwe ghali na hatari namna hii? Je, mtu hawezi kuanza akiwa chini, ndani ya chumba, mahali ambapo ukikosea huvunji hata kikombe?

Wazo la kujifunzia chini halikuwa geni. Wafaransa, karibu na mwaka 1910, walimkalisha mwanafunzi ndani ya nusu ya pipa, na wenzake wakalitikisa pipa kwa mikono. Mnacheka, lakini ilisaidia. Shida ni kwamba mikono ya watu haiwezi kumjibu mwanafunzi papo hapo kama ndege inavyofanya. Mivukuto inaweza.

Kati ya mwaka 1927 na 1929, Edwin alijifungia chini ya jengo la kiwanda cha baba yake. Akaunda kindege cha mbao chenye vibawa vifupi, mkia na kiti kimoja, akakiweka juu ya nguzo yenye kiungo kinachopinda pande zote, halafu akaipanga mivukuto chini yake. Ukitaka kuelewa, chukua maputo mawili, uyaweke chini ya sinia, moja kushoto na moja kulia. Toa pumzi kwenye puto la kushoto: sinia linalala kushoto. Ndivyo ilivyokuwa. Mwanafunzi akisukuma usukani kushoto, vali inafunguka, pampu ya umeme inafyonza hewa ya mivukuto ya kushoto, inanywea, na kindege kinalalia upande huo. Akiuvuta usukani kifuani, pua inainuka. Akikanyaga pedeli, mashine nyingine ya mivukuto, iliyotoka moja kwa moja kwenye vile vinanda vya ajabu, inakigeuza kindege chote. Kinanda kizima kilikuwa mle ndani, ila badala ya kutoa nyimbo kilitoa miendo.

Akakipeleka kwenye vyuo vya urubani. Vyuo vikavitazama vibawa vile vifupi, vikatabasamu, vikasema hiki ni kitu cha kuchezea. Waliokipenda walikuwa wenye viwanja vya burudani, wale wa bembea za farasi wa mbao na peremende za pamba. Vindege vingi vya mwanzo viliishia huko, vingine vikiwa na tundu la sarafu. Edwin mwenyewe hakuona haya. Alipoomba hataza aliandika wazi kwamba kifaa chake ni cha kufundishia marubani na cha burudani pia. Watoto wa Marekani wakawa wanashika usukani kabla ya maofisa wa jeshi.

Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ukaporomoka, na nani angenunua kinanda wakati hana mkate? Edwin akafunga taa za matangazo chini ya bawa la ndege ya kweli, akawa anapita juu ya miji usiku. Taa ziliwashwa kwa zamu na karatasi yenye matundu. Ndiyo, ileile ya kinanda! Mtu huyu hakutupa kitu.

Sasa simameni uani, mjizungushe mara kumi, kisha msimame ghafla. Dunia inaendelea kuzunguka, sivyo? Ndani ya sikio kuna vijia vitatu vyembamba vyenye majimaji, na hayo ndiyo yanayouambia ubongo kwamba unageuka. Ukizunguka taratibu kwa muda mrefu, majimaji yanazoea, sikio linasema tumetulia. Ukiacha kuzunguka, linasema tunageuka upande wa pili. Uani utaanguka kwenye nyasi. Rubani aliye ndani ya wingu, asiyeona ardhi wala upeo wa macho, akiliamini sikio lake anaweza kuizungusha ndege hadi chini huku akidhani iko sawa. Dawa ni moja: kuamini mita zilizo mbele yake. Lakini kuukatalia mwili wako mwenyewe si jambo la kuambiwa, ni la kufanyia mazoezi. Kwa hiyo Edwin akatia mita ndani ya kindege, akakifunika juu kwa kifuniko, mwanafunzi akawa gizani kama yumo winguni.

Februari 1934, Rais Roosevelt alizinyang'anya kampuni za ndege kazi ya kubeba barua, akalikabidhi jeshi. Ilikuwa baridi kali, na marubani wa jeshi walizoea kuruka mchana kweupe. Katika muda usiofika miezi minne, zaidi ya 10 walikufa. Mwaka huohuo maofisa wa jeshi walikuwa wakimsubiri Edwin kwenye uwanja wa Newark. Ukungu ulikuwa mzito hata wakaamua kuondoka, kwa kuwa hakuna ambaye angetua siku hiyo. Mara wakasikia injini. Edwin akatokea ukunguni, akatua, akashuka. Sidhani kama alihitaji kueleza mengi. Jeshi likaagiza vindege sita, kwa karibu dola 3,500 kila kimoja.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja, vilitengenezwa maelfu kwa maelfu, na zaidi ya wanaanga 500,000 walijifunzia humo. Japani nayo ilikuwa imevinunua kabla ya vita, kwa hiyo maadui walisoma darasa moja. Pembeni palikuwa na meza ya mwalimu yenye ramani, na juu yake kifaa kidogo cha magurudumu matatu kilichochora kwa wino njia ambayo mwanafunzi angepita kama angekuwa angani kweli. Kwa jinsi kilivyotambaa, walikiita kaa. Mwanafunzi aliyejisifu kwamba amefika salama alionyeshwa wino wa kaa.

Mwaka 1987 hadithi ikarudi ilikoanzia. Disneyland, California, ilifungua burudani iitwayo Star Tours: chumba cha watu 40 kinachoruka na kuinama huku filamu ya safari ya anga za mbali ikionyeshwa mbele yao. Chumba chenyewe kilitokana na simuleta, yaani mashine za kufundishia marubani wakiwa chini, zilizotengenezwa na kampuni moja ya Uingereza. Mivukuto ilikuwa imestaafu, na kazi yake ikafanywa na miguu ya chuma inayosukumwa na mafuta. Ilikuwa burudani nzuri sana, na foleni zake zilikuwa ndefu. Ila abiria wote 40 walifungwa mikanda, na hakuna hata mmoja aliyepewa usukani. Mimi ningepanga foleni ya kile cha mbao.