Simu Yako Ilikusudiwa Soko Gani?

Tangu enzi za simu za tochi kuna ujumbe unaopita mkononi kwa watu: bonyeza *#06#, hesabu mpaka tarakimu ya saba na ya nane ya IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, utajua simu yako imetoka wapi. Ukikuta 01 au 10, ni ya Finland, nzuri sana. 08 au 80 ni ya Ujerumani, siyo mbaya. 02 au 20 ni ya Falme za Kiarabu, kimeo. 13 ni ya Azerbaijan, inadhuru hata afya. Na 00 ndiyo ya kiwanda mama, bora kuliko zote. Ujumbe huo nimeonyeshwa mara nyingi. Nimeona mtu akiacha simu nzima kwa sababu ya tarakimu mbili, na mwingine akinunua mbovu kwa sababu ya sifuri mbili.

Chimbuko lake lina ukweli kidogo. Zamani tarakimu hizo zilikuwa kweli alama ya kiwanda kilichounganisha simu. Mfumo huo ulianza kuondolewa Januari 2003. Kwa muda simu zote zikawekewa 00 mahali hapo, na ilipofika Aprili 2004 alama ya kiwanda ikafutwa kabisa. Sifuri mbili hazikuwa cheo. Zilikuwa nafasi iliyoachwa wazi. Siku hizi tarakimu nane za mwanzo hutambulisha aina ya simu, sita zinazofuata ni za simu yako peke yake, na ya kumi na tano ni ya kuhakiki kwamba zile nyingine hazikukosewa.

Lakini hata kama IMEI ingetaja kiwanda, swali lenyewe limekaa vibaya. Simu zilizojaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi nyingi zimeunganishwa China, Vietnam au India, na simu ya soko la Ulaya inaweza kutoka kiwanda kilekile kilichotoa ya soko la China. Cha kuuliza ni hiki: aliyeitengeneza alikusudia itumike wapi?

Somo hilo nilipewa na shangazi yangu. Alinunua simu mjini, mpya, ya bei nzuri, inakimbia vizuri pale Dar es Salaam. Aliporudi kijijini akanipigia. "Mwanangu, hii simu mbona huku imekuwa kama ya zamani? Ya jirani inafungua video, yangu inazunguka tu." Nikadhani ni bando. "Shangazi, umejaribu kuweka laini yako kwenye simu ya jirani?" Alikwisha jaribu, na mle laini ilikuwa na 4G safi. Nilipoishika simu yenyewe nikakuta ni toleo la China lililowekewa programu ya kimataifa. Kwa nje hakuna kilichoonyesha.

Mnara wa simu hurusha mawimbi katika masafa mbalimbali, na kila fungu la masafa huitwa bendi. Masafa ya chini, kama 700 au 800 MHz, hufika mbali na hupenya kuta, kwa hiyo mtandao ukitaka kufunika vijiji vilivyotawanyika kwa minara michache, huyategemea hayo. Masafa ya juu, kama 1800 MHz na kuendelea, hubeba data nyingi lakini hayaendi mbali, na mijini ambako minara imesongamana hayana shida. Kenya, kwa mfano, Safaricom hutumia 800 na 1800 MHz kwa 4G. Sasa ndani ya simu kila bendi inahitaji kichujio na njia yake, na hivyo ni gharama. Mtengenezaji hupunguza. Bendi ya 20, ambayo ndiyo ile ya 800 MHz, haina kazi kwenye mitandao ya China, kwa hiyo simu nyingi za soko hilo hutoka bila hiyo. Baadhi ya za Marekani pia. Simu ya namna hiyo itashika 4G mjini kwa bendi ya 3, yaani 1800 MHz, kisha ukiuacha mji itashuka mpaka 3G au chini zaidi, huku ya mwenzako ikiendelea. Fundi hawezi kuliziba pengo hilo kwa kuflashi. Kifaa chenyewe hakimo.

Ndiyo maana nawasihi watu wasome namba ya modeli kabla ya kusoma bei.

Kwa Samsung ingia Mipangilio, halafu Kuhusu simu. Utaona namba inayoanza na SM. Chukua Galaxy S23 Ultra: nyingi huanza na SM-S918, tofauti iko mkiani. B ni toleo la kimataifa. U ni la Marekani lililopitia kampuni za mitandao, U1 ni la Marekani lililouzwa bila kufungwa. W ni la Kanada, N ni la Korea Kusini, na ukikuta sifuri mahali pa herufi, yaani SM-S9180, hiyo ilikusudiwa China, Hong Kong au Taiwan. Kuna wakati mkia huo hubadilisha hata ubongo wa simu. Galaxy S22 Ultra ya mwaka 2022 yenye SM-S908B ilibeba prosesa ya Exynos 2200, na yenye SM-S908E ikabeba Snapdragon 8 Gen 1. Sura moja, jina moja.

Herufi B peke yake haitoshi, kwa sababu imeenda nchi nyingi. Palepale kwenye Kuhusu simu fungua taarifa za programu, utafute mstari mrefu wa toleo la programu ya mtoa huduma. Ndani yake kuna herufi tatu za soko: XSG ni Falme za Kiarabu, BTU Uingereza, XFE Afrika Kusini, INS India. Mzigo mkubwa wa simu zetu hupitia Dubai, kwa hiyo XSG isikushtue. Shtuka muuzaji anapoapa kwamba simu imetoka Uingereza na mstari unasema jingine.

Na wewe unayeletewa simu na ndugu kutoka ughaibuni, angalia kibandiko cha boksi kinachotaja eneo la laini ya kwanza. Tangu Galaxy Note 3 ya mwaka 2013, Samsung nyingi hutaka laini ya kwanza iwe ya eneo zilikouzwa. Mwambie ndugu aiwashe hukohuko kwa laini ya huko na apige simu zitimie dakika tano, ndipo aifungashe. Nimeona simu mpya kabisa iliyofika bila hatua hiyo ikakataa kila laini ya hapa.

iPhone husema zaidi ya nyingine zote, ila watu hawaisikilizi. Ingia Settings, General, About, utazame Model Number. Herufi ya kwanza ni historia yake: M iliuzwa mpya, F ilikarabatiwa na Apple ndipo ikauzwa, N ilitolewa kwa mteja badala ya simu iliyoharibika, P iliandikwa maandishi ya mteja nyuma. Anayekuuzia yenye F kwa bei ya M anakudanganya, hata kama simu yenyewe ni nzima. Herufi zinazotangulia mkwaju ndizo za soko: LL Marekani, B Uingereza, J Japani, KH Korea Kusini, HN India, CH China, ZP Hong Kong. Gusa namba hiyo itabadilika kuwa nyingine inayoanza na A, ambayo ndiyo ya umbo lenyewe la ndani. Kwa iPhone 14, A2649 ni ya Marekani, A2884 ni ya China, Hong Kong na Macau, na A2882 ndiyo iliyosambazwa katika nchi nyingi zilizobaki.

Hiyo A2649 haina mahali pa kuweka laini. Kuanzia iPhone 14, zile za Marekani hutumia eSIM tu, yaani laini iliyo ndani ya simu bila kadi, na kwa iPhone 17 hali hiyo imeingia Falme za Kiarabu, Oman, Saudi Arabia na jirani zao za Ghuba. Mwenye kuagiza kutoka Dubai au Muscat alijue hilo mapema, akaulize kwenye duka la mtandao wake kuhusu eSIM kabla ya kutoa pesa. Za China bara nyingi huwa kinyume chake: laini mbili za kawaida, bila eSIM. Zile za Japani na Korea Kusini zimejulikana kwa kulia unapopiga picha, hata ukizima sauti. Na ukitaka kuitambua ya Marekani kwa jicho, iPhone 12 hadi 15 za huko zina alama ya duara refu ubavuni, upande wa kulia, chini ya kitufe cha kuwashia. Hicho ni kidirisha cha antena ya 5G ya masafa ya juu sana.

Usichanganye soko na kufungwa. Simu inaweza kuwa ya Marekani na iko huru. Kwenye ukurasa uleule wa About, mstari wa Carrier Lock ukisema No SIM restrictions, haijafungwa. Ukisema vinginevyo na laini inasoma, huenda kuna kichipu chembamba kimewekwa chini ya laini, na siku moja ukisasisha programu mtandao utapotea.

Kwa Xiaomi, Redmi na Poco, soma toleo la programu. Katika fungu la herufi za mwisho, kama TKFMIXM, zile mbili zinazotangulia XM ndizo za soko: MI kimataifa, EU Ulaya, IN India, CN China. Kisha linganisha na mkia wa namba ya modeli, ambako G ni ya kimataifa, C ya China, I ya India. Programu ikisema MI na modeli ikaishia na C, mtu ameibadilisha. Iwashe upya pia. Kufuli lililo wazi likionekana mwanzoni, mlango wa ndani wa programu umeachwa bila kufungwa.

IMEI bado ina kazi yake. Tanzania unaituma kwenda 15090, Kenya kwenda 1555, na jibu litakuambia aina ya simu iliyosajiliwa kwa namba hiyo. Jibu likitaja simu tofauti na uliyoshika, irudishe kaunta. Simu feki zilizimwa Kenya mwaka 2012 na Tanzania Juni 2016, na wengi waliopoteza simu wakati ule walikuwa wamelipa kwa nia njema. Hata hivyo IMEI halali haikuhakikishii bendi. Ile ya shangazi ilikuwa halali.

Aliiuza kwa kijana wa Dar asiyetoka mjini, akamweleza kasoro yake kabla ya kupokea pesa. Ya pili tulikwenda kuinunua pamoja. Winga, yule dalali wa simu, alipoanza kusifia kamera, shangazi akamwambia, "Baba, nifungulie kwanza Kuhusu simu," akavaa miwani.